Padre Cecil Majaliwa

Ninyi mkaao Nachingwea na Ruangwa mwaijua njia iendayo Masasi. Katika nchi ile ya kusini alihubiri Padre Cecil Majaliwa, Myao kwa kuzaliwa. Alipokuwa mtoto alichukuliwa utumwani, mbali na kwao. Alipokwisha kukombolewa, wamisioni wa Kiingereza walimlea Unguja, akasoma katika chuo cha Kiungani, kisha akapelekwa Uingereza kuongeza elimu.

Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kwa Nakaam, mkuu wa Wayao. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa haijakoma, na katika wakuu wa Kiyao walikuwamo waliofanya biashara ile. Lakini Majaliwa hakwenda kudai deni la utoto wake. Alikwenda kufundisha watoto wao. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile, akadumu Chitangali hata mwaka 1897.

Yusufu naye aliuzwa, na baadaye akawalisha ndugu zake. Mambo ya jana hayafutiki. Bali mtu akiyashika kwa mikono miwili, neema ya leo ataipokea kwa mkono gani?