Mathias Mnyampala na Uandishi wa Historia ya Wagogo

Jina la Mathias Eugen Mnyampala hutajwa zaidi pale zinapotajwa ngonjera. Umaarufu huo ni haki yake, ila umekifunika kitabu chake cha 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotolewa na East African Literature Bureau. Humo Mgogo aliandika habari za Wagogo, kwa Kiswahili, wakati ambapo mengi yaliyoandikwa kuhusu uwanda wa kati yalitoka kwa wasafiri, wamisionari na maofisa wa serikali.

Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Ugogo ulikuwa ukiingia katika njaa ya Mtunya, iliyodumu hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na ukame ukamalizia yaliyobaki. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000. Mtoto aliyekulia katika nchi iliyopoteza wazee wengi kiasi hicho alikuwa na sababu ya kujua jinsi habari zinavyoweza kuzikwa pamoja na wenyewe.

Alichunga mifugo utotoni, akasoma katika shule za Wakatoliki, akawa mwalimu, kisha akaingia katika kazi za serikali na hatimaye uhakimu. Kazi hizo zilimweka kati ya wazee waliohifadhi habari na ofisi zilizotaka habari hizo ziandikwe. Kitabu chake kinaonyesha kwamba Wagogo ni mkusanyiko wa koo zilizotoka pande mbalimbali, zikakutana katika nchi kame na kuwa watu wamoja. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ikiwa Ugogo wenyewe ulitengenezwa na watu, basi mila zake nazo zina historia, na hakuna anayeweza kudai kwamba zilishuka zikiwa kamili.

Jambo hili linagusa historia ya jinsia, ambayo kwa uwanda wa kati bado ni nyembamba. Mtaalamu wa anthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza katika makala yake ya 1968 ibada iliyofanywa pale hali ya nchi ilipoharibika: mvua zilipokosekana au ng'ombe walipougua. Hali hiyo Wagogo huihusisha na mbeho, yaani upepo. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha na fimbo zao, wakaiga mwenendo wao na kuchunga ng'ombe, kazi ambayo kwa kawaida haikuwa yao. Kisha walicheza ngoma hadi mbali ili kuutupa uchafu ulioipata nchi. Mambo yaliyopinduka yalirudishwa kwa kupindua jinsia.

Ni kosa kuifanya ibada hiyo kuwa ushahidi wa mapenzi ya jinsia moja. Ilikuwa ya jamii nzima, ya muda, na ilipokwisha kila mmoja alirudi mahali pake. Lakini ni kosa kubwa zaidi kuipuuza. Inaonyesha kwamba katika Ugogo uanaume ulikuwa pia vazi, fimbo na kazi, na kwamba jamii ilikubali kumvisha mwanamke vitu hivyo kwa manufaa ya wote. Anayeshikilia kwamba kila uvukaji wa mipaka ya jinsia uliletwa na wageni anapaswa kwanza kuieleza ibada hii. Na anayetaka kuandika maisha ya watu waliovuka mipaka hiyo, si kwa siku za ibada tu bali kwa umri wao wote, atahitaji njia ya Mnyampala: kukaa na wazee, kusikiliza kwa lugha yao, na kuyachapa aliyoyasikia mahali ambapo wenyewe wanaweza kuyasoma.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi waieneze siasa ya Ujamaa, na Mnyampala, kiongozi wa UKUTA, aliitikia kwa ngonjera: mashairi ya majibizano yanayoigizwa. Mtu wa bara, Mkristo, alipata nafasi ya juu katika sanaa iliyohesabiwa kuwa mali ya pwani. Wapo waliolinung'unikia jambo hilo, lakini shule ziliipokea bahari hiyo mpya. Kwa kweli ngonjera nyingi huanza na mshindi anayejulikana tayari, na hapo mwanahistoria wa 1954 anaonekana kuwa mwandishi huru kuliko mshairi.

Alifariki tarehe 8 Juni 1969, mwaka uleule Rigby alipochapisha kitabu chake kuhusu ng'ombe na ukoo wa Wagogo. Ngonjera za UKUTA zilitoka 1970 na 1971. Historia yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Gregory Maddox mwaka 1995, na tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.