Mama Muilu, mulinzi wa jamaa

Tukumbuke Mama Marie Muilu, bibi ya Simon Kimbangu. Mwaka 1921 Wabelgiji walimufunga bwana yake, wakamupeleka Elisabethville, leo Lubumbashi. Alikufia mu buloko tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30. Mama alibaki Bas-Congo, mama ya Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu mpaka majimbo ya mbali. Yeye aliunganisha waliobaki, kwa siri. Alikufa tarehe 27 Aprili 1959. Mwisho wa ule mwaka serikali ilitambua kanisa lao. Wenye kutoka uhamishoni walipata jamaa ya kuwapokea. Siye wenye kurudia, musaada wetu usisahau wamama walibaki wakatulindia kiwanja.