JOSEPH BRAMAH: FUNDI ALIYECHECHEMEA

Katika Fizikia sote tumechora ile mashine ya pistoni ndogo na pistoni kubwa. Je, mwajua ni nani aliyeitengeneza? Ni Joseph Bramah, mtoto wa mkulima.

Bramah alizaliwa mwaka 1748 huko Yorkshire, Uingereza. Alipofika miaka 16, umri wangu mimi, aliumia mguu akabaki kuchechemea. Shamba likamshinda. Basi akajifunza useremala, kisha akaenda London kutafuta kazi.

Huko aliweka vyoo vya maji majumbani. Akaona vina kasoro, akavirekebisha, na mwaka 1778 akasajili choo chake. Mwaka 1784 akasajili kufuli. Aliliweka dirishani mwa duka lake, akaahidi gini 200, pesa nyingi siku hizo, kwa atakayelifungua bila ufunguo. Watu walijaribu wakachoka! Lilifunguliwa mwaka 1851 na Mmarekani aitwaye Hobbs, miaka 37 baada ya Bramah kufa, tena kwa saa zaidi ya 50.

Mwaka 1795 akasajili ile mashine yetu ya Fizikia. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya pombe. Zamani mhudumu wa baa alishuka chumba cha chini kwenye mapipa, akajaza jagi, akapanda ngazi tena, kutwa nzima. Bramah akasajili mtambo wa kuipandisha pombe hadi kaunta. Pampu za aina hiyo huvutwa kwa mkono: ukivuta mpini, pistoni hupanda na pombe hunyonywa mpaka kwenye gilasi. Haihitaji stima. Jamani, sisifu ulevi! Nasifu akili iliyookoa miguu ya watu, na mwenye akili hiyo alikuwa na mguu mbovu.

Hata hivyo hakuwa malaika. Fundi wake hodari, Henry Maudslay, aliomba nyongeza juu ya shilingi 30 kwa wiki, akanyimwa. Akaondoka, akafungua karakana yake na kuwa maarufu pia.

Bramah alifariki Desemba 1814, baada ya kushikwa na baridi akisimamia kazi ya kung'oa miti kwa mashine yake.

Sisi wa Eastlands tukipita Kamukunji tunasikia nyundo za jua kali, na wengine wetu husema hiyo ni kazi ya walioanguka mtihani. Tusiwadharau. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.