Percivall Pott: Tabibu aliyeusoma uti wa mgongo kwa kutazama miguu

MTU mzima anapofika hospitalini Nyeri, Karatina au Chogoria akiwa na kibiongo kilichochomoza katikati ya mgongo, na miguu imeanza kumlegea, miongoni mwa maradhi ambayo daktari huyafikiria mapema ni ugonjwa wa Pott. Hicho ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyeupa ugonjwa huo jina lake ni mpasuaji Mwingereza aliyeaga dunia zaidi ya karne mbili zilizopita.

Percivall Pott alizaliwa jijini London Januari 1714. Babake alifariki yeye akiwa angali mtoto mdogo. Mnamo 1729 alianza kufunzwa upasuaji na Edward Nourse, na kuanzia 1749 hadi 1787 akawa mpasuaji kamili wa hospitali ya St Bartholomew's.

Mapema 1756, farasi alimwangusha barabarani, mfupa wa mguu ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Inasimuliwa kwamba alikataa kuinuliwa kiholela. Alingoja pale pale barabarani hadi mlango uliponunuliwa na kupigiliwa miti miwili, kisha akabebwa juu yake hadi nyumbani. Wapasuaji wenzake walikuwa wakijiandaa kuukata mguu Nourse alipowasili, akauchunguza upya na kuona kwamba ungeweza kuokolewa. Mguu ukapona.

Mtu aliyenusurika hivyo alijua thamani ya kutazama kabla ya kukata shauri. Mwaka wa 1779 alichapisha maandishi kuhusu kupooza kwa miguu kunakoandamana na kupinda kwa uti wa mgongo. Palipodhaniwa kuwa pingili zimeteguka kwa kuanguka au kuumia, Pott alieleza kwamba mifupa yenyewe ilikuwa imeharibiwa na maradhi.

Eksirei haikuwapo, kwani iligunduliwa mwaka wa 1895. Chombo chake kikuu kilikuwa macho. Aliona kwamba mgonjwa huchoka upesi na kujikwaa ovyo, na miguu yake hupishana bila kukusudia. Hawezi kuuweka wayo mahali hasa anapotaka, na akisimama wima kwa dakika chache magoti hukunjika.

Katika tiba alikosea. Aliamini kwamba kidonda kilichochomwa makusudi kando ya kibiongo na kuachwa kitoe usaha kingeleta nafuu. Chanzo halisi kilijulikana mwaka wa 1882, Robert Koch alipotangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu.

Hata hivyo, utazamaji wake ungali na nafasi. Mtu mzima ambaye mgongo wake umepinda, uwe ni kwa maradhi, uzee au kasoro ya utotoni, huombwa asimame wima. Mhudumu hutazama iwapo kichwa kimekaa sambamba na nyonga au kimetangulia mbele, na kama anakunja magoti ili asianguke. Mgonjwa husimama miguu pamoja na kufumba macho, kisha hutembea kisigino kikigusa kidole. Pia huhesabiwa sekunde anazotumia kuinuka kitini, kutembea mita tatu na kurudi kuketi.

Jambo hili linawahusu wakazi wa eneo la Mlima Kenya. Othaya na Mukurwe-ini, mkulima aliyezoea kubeba majani chai na kuni mgongoni huenda akadhani maumivu ni ya kazi, na kujikwaa ni kwa uzee. Akichelewa, anaweza kupooza. Ilhali dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini, na tiba ya uti wa mgongo huchukua takriban mwaka mmoja. Yeyote ambaye mgongo unamuuma kwa majuma mengi na hatua zake zimebadilika anafaa kupimwa mapema.

Pott alifariki Desemba 22, 1788, akiwa na umri wa miaka 74. Alikuwa ameshikwa na baridi baada ya kusafiri nje ya London kwenda kumtazama mgonjwa.