Maisha ya Marehemu Bibi Titi Mohamed

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu wa Arua na Koboko, imetupendeza katika kijitabu hiki kuwaeleza habari za mwanamke wa Kiislamu ambaye jina lake lilivuma Afrika Mashariki yote, ili wazazi na mabinti wapate kuzingatia.

Bibi Titi binti Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Utotoni alitiwa chuoni akasoma Kurani. Baba yake hakupenda aende shule, kwa kuchelea asije akapoteza dini yake huko. Hofu hiyo twaijua sisi watu wa West Nile. Shule nyingi za mwanzo hapa kwetu zilikuwa za misheni, na wazee wetu wengi waliona heri mtoto akose kalamu kuliko akose dini. Baba alipofariki, mama yake akampeleka shuleni, naye akasoma mpaka darasa la nne.

Alipokua alikuwa mwimbaji hodari wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, na aliimba pia katika Maulidi. Mwaka 1955 alichaguliwa kuongoza sehemu ya wanawake ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Hakuwa na shahada wala elimu kubwa ya Kizungu. Aliwaendea wanawake wenzake wa ngoma na wachuuzi wa vyakula, akasema nao kwa Kiswahili wanachokijua, na katika miezi michache wapata 5,000 wakajiandikisha. Akasimama majukwaani mbele ya wanaume kwa maelfu, jambo lisilozoeleka kwa mwanamke wa zama zile.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, aliingia serikalini akawa Waziri Mdogo, na mwaka 1962 akaongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Hivyo binti wa chuoni aliketi katika ofisi za serikali isiyo ya dini, pamoja na Wakristo na wenye elimu kumzidi, naye akabaki Mwislamu.

Kisha ikaja mitihani. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa Bunge. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, hakukubaliana nalo, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 aliachiliwa kwa msamaha. Miaka mingi akaishi kimya, hata heshima yake ikarudi. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Enyi wazazi, leo mabinti zetu ni wauguzi, walimu, makarani na wafanyabiashara. Cheo huja na huondoka. Bibi Titi alikipata akakipoteza. Lakini yale aliyofundishwa utotoni hakuna serikali iliyoweza kumpa wala kumnyang'anya. Basi mfundisheni binti dini yake barabara, kisha msimzuie shule wala kazi ya halali. Na wewe binti uliyeajiriwa, tunza sala yako, heshima yako na amana ya kazi yako.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, amsamehe makosa yake, na atuongoze sote. Amin.