Mangi Meli: Shujaa wa Kilimanjaro ambaye fuvu lake linasakwa kwa DNA

KATIKA vijiji vya Namboboto, Kaunti ya Busia, mtu akifia ugenini jamaa zake hufanya kila wawezalo ili arejeshwe nyumbani. Huchangishana fedha, hukodi gari, hukesha matangani, kisha humzika katika boma la wazazi wake. Kaburi hilo ndilo huwaonyesha wajukuu asili yao.

Kwa ukoo wa Mangi Meli wa Moshi ya Kale, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, faraja hiyo imekosekana tangu Machi 2, 1900. Siku hiyo Wajerumani walimnyonga mtawala huyo hadharani pamoja na viongozi wengine 18. Simulizi za Wachagga zinasema kuwa baadaye kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, kisa chake kiliingia katika maabara za sayansi, ambako wataalamu walitumia uchunguzi wa DNA kujaribu kuwarudishia wafu majina yao.

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, ambaye wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani walimfahamu kwa jina la Mandara. Rindi alikuwa mtawala hodari na mjanja. Aliwakaribisha Waswahili, Waingereza na Wajerumani kwa zamu, akitafuta kwa kila mmoja bunduki, nguo na heshima itakayomweka juu ya watawala wenzake mlimani.

Mwaka 1885 Rindi alitia saini mkataba na Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikijinyakulia ardhi Afrika Mashariki. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin. Yamkini aliamini kwamba amepata rafiki wa mbali. Wageni wale waliamini kwamba wamepata milki.

Rindi alifariki mwaka 1891, na Meli akarithi kiti akiwa bado kijana. Alirithi pia mashaka. Mapema mwaka huo Hermann von Wissmann alikuwa amemshinda Mangi Sina wa Kibosho, hasimu mkuu wa Moshi. Naye Carl Peters, mtu aliyejulikana kwa ukatili, alifika kuwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani na kuweka kituo chake Marangu, kwa Mangi Marealle.

Uhasama wa watawala wa mlimani ulikuwa wa zamani, na kila upande ulijaribu kumtumia mgeni kumwangamiza jirani. Marealle aliufahamu mchezo huo kuliko wote. Meli alizidi kutazamwa kwa jicho la shaka, huku Wajerumani wakidai kuwa alikuwa akipata silaha kupitia kwa Waingereza.

Juni 1892, Albrecht von Bülow, aliyeshika nafasi ya Peters, aliongoza kikosi kwenda kumtia adabu Meli. Vita vilipiganwa katika migomba na makorongo ya Moshi, mahali ambapo wenyeji walijua kila njia. Kikosi kile kilishindwa vibaya. Von Bülow alijeruhiwa na kufariki, na Wajerumani wakalazimika kuondoka mlimani kwa muda.

Ushindi huo ulimfanya Meli kuwa na jina kubwa, lakini pia ulimfanya kuwa mtu wa kulipizwa kisasi. Wamishonari wa Kianglikana waliokuwa Moshi tangu 1885, ambao Wajerumani waliwatuhumu kumsaidia, waliondoka mwaka huo huo na kuhamia Taveta, upande wa Waingereza.

Agosti 1893, Friedrich von Schele, aliyekuja kuwa gavana, aliwasili na jeshi kubwa lenye mizinga. Moshi ilipigwa na kuteketezwa. Meli alisalimu amri, akaachwa katika kiti chake, lakini mamlaka yakahamia kwenye ngome ya kijeshi iliyojengwa katika nchi yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya udhalili. Watu wake walitakiwa kutoa nguvukazi, na baadaye kodi ya nyumba ikaletwa. Kurt Johannes, kamanda wa ngome, alimwamini Marealle, na ushawishi wa mtawala huyo wa Marangu ukapanuka kadiri wa wenzake ulivyopungua.

Mwishoni mwa 1899 na mwanzoni mwa 1900, uvumi ulienea kwamba watawala wa Kichagga walikuwa wakipanga njama pamoja na Wameru na Waarusha ili kuwafukuza Wajerumani. Wanahistoria kadhaa wanamtaja Marealle kuwa mmoja wa waliochochea tuhuma hizo. Waliokamatwa walihukumiwa upesi.

Miongoni mwa walionyongwa pamoja na Meli walikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Lobulu wa Meru. Wazee wa Moshi ya Kale husimulia kuwa Meli hakufa upesi, bali alining'inia kwa saa nyingi akiwa hai. Mti unaohusishwa na tukio hilo umehifadhiwa, na karibu nao pamewekwa kumbukumbu yake.

Kilichofuata kilikuwa sehemu ya tabia ya zama hizo. Katika makumbusho ya Berlin, Felix von Luschan alikuwa akikusanya mafuvu kutoka makoloni, akisaidiwa na maofisa wa kijeshi na madaktari. Wataalamu wa wakati ule waliyapima kwa vipimo vya kubagua watu kwa rangi, elimu ambayo leo imetupwa. Baada ya kifo chake mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi ulipelekwa New York, Marekani.

Kwa zaidi ya nusu karne mjukuu wa Meli, Isaria Meli, aliomba kichwa cha babu yake kirudishwe. Hakuwa na hati yoyote ila simulizi aliyoipokea kwa wazee. Hatimaye alitoa sampuli ya mate yake ili ilinganishwe na mafuvu yaliyokuwa Berlin.

Uchunguzi huo unategemea jambo moja la msingi. Kila mtu hubeba katika seli zake chembechembe za urithi alizopata kwa wazazi wake. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume bila kubadilika sana. DNA ya mitokondria hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wake wote. Kwa hiyo mfupa wa babu unaweza kulinganishwa na mate ya mjukuu, hata kama karne nzima imepita. Jino na mfupa mgumu wa sikio la ndani huhifadhi chembechembe hizo kwa muda mrefu zaidi.

Elimu hiyo ilianza kutumika kutambua watu baada ya Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kuigundua mwaka 1984. Katika kesi ya kwanza ya mauaji kuitumia nchini humo, ilimwondolea lawama kijana aliyekuwa amekiri kosa ambalo hakulitenda, kisha ikamnasa muuaji halisi, ambaye alihukumiwa mwaka 1988.

Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inairuhusu mahakama kuagiza uchunguzi wa DNA. Mahakama pia huutumia kuamua mizozo ya malezi na urithi. Mwaka 2023, baada ya miili mingi kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, jamaa walipanga foleni kutoa sampuli ili wapate kuwatambua wapendwa wao.

Ni uwezo huo huo uliotumika Berlin. Watafiti walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki na maeneo jirani. Waligundua kuwa 904 yalitoka katika Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya.

Kati ya mafuvu hayo, ni manane pekee yaliyokuwa na taarifa za kutosha za kuwezesha jamaa kutafutwa. Septemba 2023 matokeo yalitangazwa. Fuvu moja lililingana kikamilifu na mtu aliye hai Tanzania, na mengine mawili yalikaribia kulingana kikamilifu na jamaa waliopatikana. Taarifa za fuvu moja zilitaja cheo cha Akida, na lilitambuliwa kuwa la mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli.

Mshauri alipatikana. Mtawala wake hakuwa miongoni mwa waliotambuliwa.

Miezi miwili baadaye, Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alizuru Songea, kusini mwa Tanzania, akaomba msamaha kwa maovu ya utawala wa nchi yake na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji.

Kisa cha Meli kinaonyesha ukubwa wa DNA na pia mpaka wake. Maabara inaweza kusema kuwa mfupa huu na mate haya ni ya ukoo mmoja. Haiwezi kujua ni mlango gani wa kubisha ili kutafuta ukoo huo. Jamaa wa Akida walipatikana kwa sababu cheo kilikuwa kimeandikwa, na kwa sababu kuna watu Kilimanjaro waliokuwa bado wanakumbuka nasaba yao.

Hapo ndipo habari hii inapowagusa watu wa Namboboto na mpaka wote wa Busia na Malaba. Mwaka ambao Meli alinyongwa, Samia ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Wasamia wakajikuta katika nchi mbili. Mstari ulichorwa juu ya ardhi, lakini koo zilibaki zilivyokuwa, na hadi leo jamaa huvuka mpaka kwenda kuzikana.

Mafuvu 22 yanayohusishwa na Kenya nayo yana wenyewe. Siku atakapotafutwa jamaa wa kutoa mate, kitakachohitajika kwanza ni mzee anayejua kutaja babu wa babu yake, alikotoka na jinsi alivyotoweka. Isaria Meli alikuwa na simulizi kama hiyo, na kwa ajili yake Berlin ililazimika kufungua makabati yake. Moshi ya Kale bado inamsubiri Mangi wake.