Thogoto Ilivyomlea Mzee Kenyatta

Hayati Mzee Jomo Kenyatta ajulikana na kila mtu kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Lakini huku kwetu Pwani ni wachache wajuao kwamba kabla ya siasa alilelewa na kanisa, na kwamba elimu aliyopewa na kanisa hilo ndiyo aliyoitumia baadaye kusimama na waliolihama.

Alizaliwa upande wa Gatundu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki Kamau angali mdogo, na mama yake, Wambui, akarithiwa na ami yake, Ngengi. Haukupita muda mama naye akafariki. Kijana akaishi kwa babu yake, Kungu wa Magana, aliyekuwa mganga.

Mwezi wa Novemba 1909 Kamau aliingia misheni ya Waskoti huko Thogoto, magharibi ya Nairobi. Jina hilo Thogoto latokana na jinsi Wakikuyu walivyotamka jina la Waskoti wenyewe. Hapo yatima huyu akapata jamaa mpya. Alifunzwa kusoma na kuandika, Biblia na useremala, na ili alipe karo akawa mtumishi wa nyumbani kwa mlowezi wa Kizungu. Msomaji aliyemchotea maji mwalimu wake wa chuoni huku akihifadhi juzuu, maisha hayo atayaelewa. Alipougua uti wa mgongo, Daktari John Arthur wa misheni ndiye aliyempasua, akapona.

Mwaka 1913 alitahiriwa kwa mila za Wakikuyu, na Agosti 1914 akabatizwa. Alitaka aitwe John na Peter pia, akaambiwa achague jina moja. Kwa kuwa maana ya Petro ni jiwe, akayaunganisha kwa Kiingereza, akawa Johnstone Kamau. Hivyo alilitii kanisa na alilolitaka akalipata.

Lakini jamaa hiyo ilikuwa na masharti. Mwaka 1919 alimwoa Grace Wahu kwa kienyeji. Wazee wa kanisa wakamzuia asishiriki meza ya Bwana mpaka aache pombe, na wakamtaka akafunge ndoa mbele ya hakimu wa Kizungu. Ndoa hiyo ilifungwa Novemba 1922.

Mwaka huo huo aliajiriwa na Manispaa ya Nairobi katika idara ya maji, akisoma mita mjini kwa mshahara wa shilingi 250 kwa mwezi, pesa nyingi kwa Mwafrika wa siku zile. Huko Dagoretti alikuwa na duka, nalo likawa baraza la vijana. Mwaka 1928 akawa katibu wa chama cha KCA na mhariri wa gazeti lake, Muigwithania.

Mwaka 1929, naye akiwa London kutetea ardhi, mambo yaliharibika nyumbani. Misheni iliwataka waumini waikane tohara ya wasichana, na aliyekataa akatengwa. Desturi hiyo leo imekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, lakini wakati ule wengi waliona wanaambiwa waache ukoo wao wote. Maelfu wakatoka, na kiongozi wa wamisheni katika ugomvi huo alikuwa Daktari Arthur yule yule.

Waliotoka hawakurudi porini. Walijenga shule na makanisa yao wenyewe, wakafundisha kwa herufi zile zile walizojifunza misheni. Tawi moja likaja kuungana na Kanisa la Orthodox, ambalo lina chuo cha mapadri Riruta. Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946 alikwenda Githunguri, akaongoza chuo cha walimu wa shule hizo huru.

Serikali ya kikoloni ilimkamata Oktoba 1952, akafungwa na kuzuiliwa hadi 1961. Mwaka 1964 akawa Rais. Alifariki hapa hapa Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa katika uwanja wa Bunge, katikati ya Nairobi, mji ambao zamani alikuwa akiuzunguka akisoma mita.

Thogoto ilimpa yatima makao, kazi na jina, na wema huo haufutiki. Ila ilipowataka watu wake wachague baina ya dini na kwao, yeye alichagua kwao, na elimu ya Thogoto akaenda nayo. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa.